Kijana Anayetaka Udaktari Aanze na Huduma ya Kwanza

Mji wa Gairo uko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Uko karibu katikati ya safari. Kwenda Morogoro ni kama kilomita 130. Kwenda Dodoma ni karibu hivyo hivyo. Usiku na mchana malori yanapita hapa yakielekea Dodoma, Singida, Mwanza, na hata Rwanda na Burundi. Mabasi nayo yanapita. Pikipiki ndizo usiseme.

Barabara hii imetuletea faida. Mahindi, maharage, mbaazi na viazi vya milimani vinapata soko kwa sababu magari yanafika. Lakini barabara hiyo hiyo huleta ajali. Na ajali ikitokea, nani hufika kwanza? Si daktari. Si polisi. Anayefika kwanza ni mkulima aliyekuwa akipalilia shamba lake karibu na barabara. Anafika mbio, jembe bado liko mkononi. Mbele yake kuna mtu amelala chini, damu inatoka mguuni.

Je, mkulima huyo anajua la kufanya?

Mara nyingi hajui. Nia yake ni njema, lakini hakufundishwa. Watu wanamshika majeruhi mikono na miguu, wanamvuta, wanampakia nyuma ya pikapu kama gunia. Mwingine anamnywesha maji. Mwingine anampiga makofi ili azinduke. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akivutwa hivyo anaweza kupooza maisha yake yote. Mtu aliyezimia akinyweshwa maji, maji hayo yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Na wakati wote huo hakuna hata mmoja aliyeukandamiza mguu unaovuja damu.

Taifa letu linaifahamu barabara hii kwa huzuni. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wetu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, alikuwa akisafiri kwa gari kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, kabla ya kufika Morogoro mjini. Ikiwa Waziri Mkuu aliweza kupoteza maisha katika barabara hii, basi hakuna kati yetu anayeweza kusema kuwa jambo hili halimhusu.

Daktari wa dharura ni kitu gani?

Katika hospitali yuko daktari. Katika zahanati yuko tabibu na muuguzi. Lakini kati ya mahali mtu alipoumia na mlango wa hospitali kuna njia ndefu. Katika njia hiyo nani anamtunza mgonjwa?

Katika nchi nyingi kuna watu waliofundishwa kazi hiyo tu. Sisi tuwaite wahudumu wa dharura. Hao si madaktari. Hawapasui mtu, wala hawaandiki dawa. Kazi yao ni kufika haraka, kuzuia damu, kuhakikisha mgonjwa anapumua, kufunga mfupa uliovunjika, na kumfikisha mgonjwa hospitali akiwa hai. Basi. Kazi inaonekana ndogo, lakini daktari hawezi kumtibu mtu aliyekwisha kufa njiani.

Huko Marekani vijana wengi wanaotaka kuwa madaktari hujifunza kwanza uhudumu wa dharura. Hufanya kazi kwenye magari ya wagonjwa huku wakisoma, au kabla ya kuingia chuo cha udaktari. Wanasema mtu akishakaa usiku kucha na wagonjwa ndani ya gari, anajua mwenyewe kama kazi ya udaktari anaiweza au haiwezi.

Mzazi mmoja wa Chakwale aliniuliza habari hiyo shambani kwake. Kijana wake amemaliza kidato cha nne. Anataka kuwa daktari. Amesikia kuwa huko nje watu huanza na kozi ya dharura, naye anataka kuanza hivyo. Mzee ana ng'ombe wawili. Akaniuliza: "Bwana shamba, nikiuza ng'ombe mmoja kwa kozi hiyo, mwanangu atakuwa amekwisha kuingia kwenye udaktari?"

Swali hilo ni zuri. Mimi kazi yangu ni mahindi na mbaazi, lakini nililichukua swali hilo nikaenda kuuliza na kusoma. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwa kijiji, jibu ni ndiyo, aanze hata leo. Kwa mlango wa chuo cha udaktari, jibu ni hapana, mlango huo una ufunguo mwingine. Wazazi wengi wanachanganya mambo haya mawili, na ndipo ng'ombe wanapopotea bure.

Vijana wa Pittsburgh

Tuanze na habari ya mji mmoja wa Marekani, mji wa Pittsburgh. Miaka ya 1960 mgonjwa wa mji ule alibebwa na polisi, au na gari la watu wanaozika maiti. Polisi walimtupia mgonjwa nyuma ya gari na kwenda zao mbele. Hakuna aliyekaa naye. Katika mitaa ya watu weusi hali ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka 1967 daktari mmoja aliyeitwa Peter Safar alishirikiana na chama cha wananchi weusi kilichoitwa Freedom House, maana yake Nyumba ya Uhuru. Waliwachukua vijana weusi wa mtaa uitwao Hill District. Wengi wao hawakuwa na kazi. Baadhi hawakumaliza hata shule ya sekondari. Wakubwa wa mji walidhani vijana wale hawawezi kujifunza. Lakini walifundishwa kwa saa 300 hivi. Walifundishwa mwili wa mtu, kupumua, moyo, majeraha na uzazi. Kisha wakaanza kazi. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa dharura Marekani nzima kupata mafunzo ya kiwango hicho.

Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake wenyewe, na huduma ya Freedom House ikafungwa. Wengi wa vijana wale waliachwa nje. Lakini mafunzo yao yalikwisha kuenea. Daktari Nancy Caroline, aliyewasimamia mwishoni, aliandika kitabu cha kufundishia wahudumu wa dharura. Miaka ya 1980 daktari huyo huyo alikuja Afrika ya Mashariki. Alifanya kazi Nairobi na shirika la AMREF, lile la madaktari warukao kwa ndege.

Nimeileta habari hii kwa sababu moja. Watu husema, "Elimu ya matibabu si ya mtoto wa mkulima." Vijana wa Hill District waliambiwa maneno ya namna hiyo pia.

Dresa wa zamani

Lakini msidhani jambo hili ni la Marekani tu. Hapa kwetu ni la zamani zaidi. Wazee wanawakumbuka madresa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifundisha vijana wachache kufunga vidonda na kutoa dawa rahisi katika zahanati za machifu. Elimu yao ilikuwa ndogo, na mkoloni hakutaka wapande juu. Hata hivyo mtu aliyekatwa na shoka alipelekwa kwa dresa kwanza.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na madaktari wachache mno wa kizalendo. Tungefanya nini? Tungekaa miaka kumi tukiwasubiri wasomi? Nchi iliamua kufundisha watu wengi wa ngazi ya chini, kisha kuwapandisha. Palikuwa na waganga wasaidizi wa vijijini. Hao walichukuliwa wakiwa wamemaliza shule ya msingi, wakasoma miaka mitatu. Juu yao palikuwa na matabibu. Juu ya matabibu palikuwa na madaktari wasaidizi, ambao waliruhusiwa hata kupasua. Mtu mwenye bidii aliweza kuanza na vidonda vya zahanati na kuishia katika chumba cha upasuaji. Wanawake wengi wa mkoa huu walipasuliwa salama na madaktari wasaidizi, wakarudi nyumbani na watoto wao.

Hapa mkoani kwetu Morogoro tunao mfano mzuri, nao ni Ifakara. Mwaka 1961 Mswisi mmoja, Profesa Rudolf Geigy, pamoja na wenzake wa mji wa Basel, walianzisha kituo cha kufundishia wasaidizi wa tiba wa vijijini. Kituo kile kilikua. Kilifundisha matabibu, kisha madaktari wasaidizi. Mwaka 2010 mji huo huo ulipata chuo kikuu cha tiba cha Mtakatifu Fransisko, kinachofundisha madaktari kamili. Basi katika mji mmoja wa mkoa wetu, kulikoanza kufundishwa wasaidizi wa vijijini, leo anatoka daktari.

Ngazi za zamani zimebadilika. Mganga msaidizi wa aina ile ya darasa la saba hafundishwi tena. Lakini njia ya kupanda bado ipo, nami nitaieleza hapa chini.

Mikono inajifunza nini?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, ambacho kiliundwa kwa sheria mwaka 1962. Skauti nao hujifunza. Mafunzo ya mwanzo ni ya siku chache. Hayahitaji cheti cha kidato cha nne. Hata mama aliyejifunza kusoma ukubwani anaweza kuyapata.

Jambo la kwanza wanalofundishwa linawashangaza wengi. Wanafundishwa kusimama. Ndiyo, kusimama na kutazama kabla ya kukimbilia. Je, kuna gari jingine linakuja? Je, kuna mafuta yamemwagika? Je, kuna waya wa umeme umeanguka? Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro mjini. Watu walilikimbilia, wengine wakiwa na madumu ya kuchotea mafuta. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mtu aliyefundishwa angewaambia watu wakae mbali, wasiwashe kiberiti wala sigara, na waite Zimamoto kwa namba 114.

Jambo la pili ni damu. Mtu mzima ana damu kama lita tano mwilini. Mshipa mkubwa ukikatwa, anaweza kufa kwa dakika chache tu. Chukua kitambaa safi, hata khanga. Weka juu ya jeraha. Kandamiza kwa nguvu kwa mkono wako, bila kuachia, dakika kumi au zaidi. Usifunue kila mara kuangalia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ukiwa na mfuko safi wa plastiki, uvae mkononi ili usiguse damu ya mwenzako. Wengi hupenda kutia majivu, unga, au majani. Usitie. Vitu hivyo haviwezi kuzuia damu ya mshipa mkubwa, tena huingiza uchafu na pepopunda.

Mtu aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Ulimi na matapishi havitaziba koo. Lakini kama ameanguka kutoka juu au amegongwa na gari, fikiria shingo na mgongo wake. Usimkalishe. Usimvute. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, na wengine watatu au wanne wamgeuze au wamwinue kwa pamoja, kwa hesabu moja, mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Machela ni miti miwili na magunia mawili yaliyotobolewa pembe. Kila kijiji chetu kina miti na magunia.

Mfupa uliovunjika hufungwa na vijiti viwili, kimoja kila upande, ili usicheze njiani. Usijaribu kuunyoosha wewe.

Aliyeungua moto mmwagie maji safi ya baridi, dakika ishirini. Usimpake mafuta, mayai wala dawa ya meno.

Na mimi kama bwana shamba nina yangu ya kuongeza, kwa kuwa si kila dharura hutoka barabarani. Msimu wa kupiga dawa ukifika, watu wanapulizia bila kufunika mdomo, na chupa zinawekwa jikoni karibu na mafuta ya kupikia. Mtoto anakunywa. Wazazi wanamlazimisha kutapika. Hiyo ni hatari, kwa sababu dawa nyingine huunguza koo mara ya pili ikitoka. Mvue nguo zenye dawa. Mwoshe ngozi kwa sabuni na maji. Kisha mpeleke zahanati upesi, na uichukue ile chupa au karatasi yake uende nayo. Tabibu akisoma jina la dawa atajua la kufanya. Hapa kusoma kunaokoa maisha, ndugu mwanakisomo.

Aliyeumwa na nyoka asitembee. Asichanjwe wembe. Asifungwe kamba ya kubana damu. Mguu utulizwe kama mguu uliovunjika, naye abebwe. Nyoka mwenyewe mwacheni aende zake. Wapo waliomfuata ili kumuua, wakaumwa wao.

Msimamizi wa mafunzo hurudia mambo haya mara nyingi, na kila mmoja huyafanya kwa mikono yake. Mikono inapaswa kukumbuka hata kama kichwa kimeogopa.

Je, mafunzo mafupi namna hii yanafaa kitu? Huko Kampala, Uganda, watafiti waliwafundisha watu 307 kwa siku moja. Walikuwa polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa. Baada ya miezi sita waliulizwa habari zao. Wengi walikuwa wamekwisha kutumia waliyojifunza kwa watu halisi barabarani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2009. Hapa Gairo tunao vijana wa bodaboda kila kona. Wao ndio hufika kwanza kwenye ajali, na mara nyingi wao ndio majeruhi wenyewe. Ningependa kuona kijiji kinaanza na hao.

Polisi je?

Watu wengine hawataki kumgusa majeruhi kwa kuogopa polisi. Wanasema, "Nitaulizwa mimi." Tena wanajua kuna fomu ya polisi namba tatu, ile PF3, ambayo mtu aliyeumia huipata kituo cha polisi. Basi gawaneni kazi. Ndugu mmoja aende polisi kuchukua fomu, na wengine wampeleke majeruhi kwa tabibu. Mtu anayevuja damu asiwekwe kwenye benchi kusubiri karatasi. Polisi wanapigiwa kwa namba 112.

Kwa akina mama wajawazito na watoto wachanga kuna namba nyingine, 115. Kupiga ni bure. Mpango huo unaitwa m-mama. Ulianzia Shinyanga na Sengerema, na mwaka 2022 Serikali ilianza kuueneza nchi nzima. Anayepokea simu huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Gari hilo likiwa mbali, huita dereva wa kawaida aliyeandikishwa katika eneo hilo. Dereva hulipwa kwa simu, si na familia ya mgonjwa. Kwa vijiji vya milimani kama vile vya Nongwe na Mandege, ambako mvua ikinyesha barabara inakuwa tope na kona ni nyingi, msaada huo si mdogo. Andikeni namba 115 ukutani, pale ambapo hata mtoto anaiona.

Ufunguo wa chuo

Sasa turudi kwenye swali la ng'ombe.

Cheti cha huduma ya kwanza hakimwingizi mtu chuo cha udaktari. Hata kama kijana ameokoa watu kumi, chuo kitamwuliza alama zake za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Huo ndio ufunguo. Hakuna mwingine.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitia kidato cha sita. Kijana husoma Fizikia, Kemia na Baiolojia na kufaulu yote matatu. Kisha husoma udaktari chuo kikuu kwa miaka mitano. Baada ya hapo hufanya kazi mwaka mmoja hospitali chini ya usimamizi, na ndipo huandikwa daktari kamili.

Njia ya pili ni ya ngazi, nayo inafanana na ile ya zamani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia kwa alama ya D au zaidi, anaweza kuomba kusomea utabibu. Masomo hayo ni ya miaka mitatu. Mkoani kwetu kuna chuo cha matabibu Kilosa, na kingine Ifakara. Akimaliza ni tabibu, anatibu watu zahanati na kituo cha afya. Akiwa amefaulu vizuri katika stashahada yake, kwa wastani wa B, na akiwa na alama nzuri za kidato cha nne pamoja na Hisabati na Kiingereza, anaweza kuomba udaktari chuo kikuu bila kupitia kidato cha sita. Njia hii ni ndefu. Lakini kijana anafanya kazi na kupata mshahara katikati ya njia, na wazazi wanapumua.

Kwa hiyo kijana yule wa Chakwale alama zake za kidato cha nne ndizo zinazosema. Kama ana Kemia na Fizikia, aombe utabibu. Kama hana, arudie mtihani wa masomo hayo kwanza. Ng'ombe atolewe kwa ajili hiyo, si kwa kozi ya siku tano ambayo Msalaba Mwekundu unaweza kuifundisha kwa gharama ndogo.

Sasa kama cheti hakimwingizi chuoni, kwa nini nasema aanze na huduma ya kwanza?

Kwanza, atajipima. Wapo vijana wanaoupenda udaktari kwa sababu ya koti jeupe. Siku wanapoona damu na kusikia mtu analia kwa maumivu, wanakimbia. Ni heri akimbie akiwa Gairo, kabla familia haijauza shamba, kuliko akimbie mwaka wa tatu wa chuo. Pili, atajifunza kusikiliza. Mhudumu wa dharura huuliza: ameumia saa ngapi, ameumiaje, anatumia dawa gani, amekula saa ngapi? Huandika katika karatasi na kumpa tabibu. Nimewauliza matabibu kadhaa kuhusu jambo hili. Wanasema karatasi moja yenye saa na maelezo inawasaidia kuliko ndugu kumi wanaoongea kwa pamoja. Tatu, atajua mpaka wake. Atajua lini mikono yake imefika mwisho na mgonjwa anahitaji mwingine. Hata daktari mkubwa anahitaji kujua hilo.

Kuna nafasi nyingine ya kuanzia, nayo iko kijijini. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni kupata wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji. Hufundishwa miezi sita. Wazee mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipochimba vyoo na kusikiliza redio katika vikundi. Wahudumu hawa wanaifanya kazi hiyo hiyo nyumba kwa nyumba. Kijana au binti anayesubiri nafasi ya chuo anaweza kuomba kazi hiyo. Nafasi zikitangazwa, habari hupatikana kwa mtendaji wa kijiji.

Nimesema binti, na sikukosea. Katika vijiji vyetu binti akitaka masomo ya sayansi huambiwa ni ya wavulana. Lakini mama anayejifungua usiku wa manane anamwita nani? Anamwita mwanamke mwenzake. Binti huyo akijifunza kuzuia damu ya uzazi isimwue mama kabla ya kufika hospitali, kijiji kizima kitamjua. Mwacheni afanye Kemia.

Nchi yetu nayo imeanza kuipa dharura nafasi yake. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara maalumu ya magonjwa ya dharura. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa dharura. Hapo zamani ubingwa huo haukuwapo hapa nchini. Daktari bingwa wa namna hiyo anafanya kazi ile ile ya mkulima aliyekimbia na jembe, ila yeye amesoma zaidi na ana vyombo.

Jambo la mwisho ni tahadhari. Wakati wa matokeo ya kidato cha nne kuna watu hupita mijini na kwenye simu wakinadi vyuo. Wanasema, "Njoo, hata kama huna Kemia, utakuwa daktari." Baadhi ya vyuo hivyo havipo kabisa. Vingine vipo, lakini havikusajiliwa, na cheti chake hakikubaliwi popote. Vyuo vya kati husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Orodha za vyuo vilivyosajiliwa zinatolewa wazi. Mwalimu mkuu wa sekondari ya kata anaweza kukuangalizia, au afisa elimu wa wilaya pale Gairo mjini. Peleka jina la chuo limeandikwa vizuri katika karatasi, pamoja na namba ya usajili waliyokupa. Majina ya vyuo yanafanana, na herufi moja inaweza kukupoteza. Fanya hivyo kabla ya siku ya mnada wa ng'ombe.